Kopo la virutubisho halimlindi mgonjwa wa sukari dhidi ya maradhi ya moyo

Ukigeuza kopo la vidonge vya mafuta ya samaki lililotengenezwa kwa ajili ya soko la Marekani, ukatazama upande wa nyuma, chini kabisa, utakuta kisanduku chenye maandishi madogo yanayosema kwamba bidhaa hiyo haikukusudiwa kutambua, kutibu, kuponya wala kuzuia ugonjwa wowote. Maneno hayo hayakuwekwa kwa hiari. Sheria ya virutubisho ya Marekani ya mwaka 1994 inamlazimu mtengenezaji kuyaandika pindi anapodai kuwa bidhaa yake inasaidia kiungo fulani cha mwili, kwa sababu sheria hiyohiyo inamruhusu kuuza bila kwanza kuithibitishia serikali kwamba inafanya kazi. Upande wa mbele wa kopo kuna picha ya moyo mwekundu. Likishavuka bahari na kuingia kwenye mkoba wa wakala wa Dar es Salaam, Nairobi au Mombasa, maandishi ya nyuma hubaki kwa Kiingereza, hayasomwi, na picha ya mbele hupata maelezo mapya: kidonge kinazibua mishipa, kinashusha sukari, kinaondoa presha, na ukikitumia miezi kadhaa utaagana na dawa za hospitali. Anayelengwa zaidi na maelezo hayo ni mgonjwa wa kisukari cha aina ya pili. Nitajaribu kuonyesha kuwa yeye ndiye anayepoteza zaidi akiyaamini.

Hofu yake ni ya haki. Watu wengi wakisikia sukari hufikiria mguu uliokatwa, macho yaliyopofuka, figo zilizoshindwa. Hayo yapo, lakini kinachowaua zaidi wagonjwa wa aina ya pili ni moyo na mishipa: mshtuko wa moyo, kiharusi, moyo kushindwa kusukuma damu. Kuwa na kisukari huongeza uwezekano wa kupata maradhi hayo takriban mara mbili ukilinganisha na mtu wa umri huohuo asiye nacho. Na chanzo si sukari peke yake. Sukari iliyozidi hujeruhi ukuta wa ndani wa mshipa, presha huuchosha ukuta huo uliokwisha kudhoofika, lehemu hupenya na kujijenga humo mwaka hadi mwaka mpaka njia inakuwa nyembamba. Kisha siku moja gamba lake linapasuka, damu inaganda juu yake na njia inafunga. Utafiti wa kitaifa uliofanyika Tanzania mwaka 2012 kwa watu wa miaka 25 hadi 64 ulikuta asilimia 9.1 wana kisukari na karibu robo wana shinikizo la juu la damu. Hiyo ni hadhira kubwa kwa yeyote mwenye kopo la kuuza, na wakala anapomwambia mtu wa namna hiyo kwamba moyo wake uko hatarini, hasemi uongo. Uongo unaanza pale anapotaja kinga.

Wazo la mafuta ya samaki lenyewe halikuzuka hewani. Miaka ya 1970 watafiti wawili wa Denmark, Hans Olaf Bang na Jørn Dyerberg, walipima damu za Wainuiti wa Greenland, watu waliokula sili, nyangumi na samaki kwa wingi, wakitafuta kueleza kwa nini maradhi ya moyo yalionekana kuwa machache kwao. Mwaka 1999 jaribio la GISSI la Italia, lililohusisha zaidi ya watu 11,000 waliokwisha kupata mshtuko wa moyo, lilionyesha kuwa gramu moja ya omega-3 kwa siku ilipunguza vifo. Hapo biashara ikapata mbawa. Lakini wale walikuwa watu ambao moyo wao ulikwisha kuugua, tena katika enzi ambayo statini, dawa za kushusha lehemu, zilikuwa hazijaenea. Swali la mgonjwa wa sukari anayetaka kujikinga kabla ya balaa lilibaki bila jibu kwa miaka mingi, huku vidonge vikiuzwa kana kwamba jibu lipo.

Jibu limekuja, na limekuja mara mbili. Jaribio la ORIGIN, lililotoa matokeo mwaka 2012, liliwafuatilia kwa takriban miaka 6 watu 12,536 waliokuwa na kisukari au sukari iliyoanza kupanda, wote wakiwa na hatari kubwa ya maradhi ya moyo. Waliomeza gramu moja ya omega-3 kila siku walikufa kwa maradhi ya moyo na mishipa kwa asilimia 9.1, wasioimeza, asilimia 9.3. La pili, ASCEND, liliendeshwa kutoka Chuo Kikuu cha Oxford na linastahili kuelezwa kwa kituo, kwa maana lilibuniwa kwa ajili ya swali hili hasa. Watu 15,480 wa Uingereza, wote na kisukari, wote bila dalili za maradhi ya moyo, waligawanywa kwa bahati nasibu. Nusu walipewa kidonge cha omega-3, nusu kidonge kinachofanana nacho kilichojaa mafuta ya zeituni, na mgonjwa hakujua anameza kipi. Wakafuatiliwa kwa wastani wa miaka 7.4. Matokeo yalitangazwa mwaka 2018: tukio kubwa la moyo au mishipa lilimpata mgonjwa kwa asilimia 8.9 upande wa omega-3 na asilimia 9.2 upande wa zeituni. Yaani katika kila watu 1,000, 89 kwa 92, baada ya miaka zaidi ya saba ya kumeza kidonge kila siku. Tofauti ndogo namna hiyo bahati peke yake inaweza kuileta, na watafiti wenyewe walisema hivyo bila kuzungusha maneno.

Mtetezi wa kopo aliyesoma kidogo ataniuliza kuhusu REDUCE-IT. Ni swali zuri na halipaswi kukwepwa. Jaribio hilo, la mwaka 2018 pia, lilikuta kwamba aina moja ya omega-3 iliyosafishwa ilipunguza matukio ya moyo kutoka asilimia 22.0 hadi 17.2 kwa watu 8,179 wenye mafuta mengi kwenye damu, zaidi ya nusu yao wakiwa na kisukari, na wote wakiwa tayari wanatumia statini. Ila iliyotumika ilikuwa dawa ya kuandikiwa na daktari, gramu 4 kwa siku za kiini kinachoitwa EPA. Sasa rudi dukani usome kopo la kawaida: kidonge cha gramu moja ya mafuta ya samaki huwa na takriban miligramu 180 za EPA. Kufikia kipimo cha jaribio ungemeza vidonge 22 kila siku, na kopo la vidonge 60 lingekwisha kabla siku ya tatu haijaisha. Hata hiyo dawa yenyewe ina ubishi, kwa sababu waliolinganishwa nayo walipewa mafuta ya madini ambayo huenda yaliwaongezea lehemu; na jaribio jingine lililotumia gramu 4 za omega-3 za mchanganyiko, STRENGTH, lilisimamishwa mwaka 2020 kwa kuwa halikuonyesha faida yoyote. Jambo moja majaribio yote mawili yalikubaliana: watu wengi zaidi upande wa omega-3 walipata tatizo la moyo kudunda bila mpangilio, hali ambayo huzalisha mabonge ya damu na kuleta kiharusi. Hayo wakala hayasemi, pengine kwa kuwa hajawahi kuambiwa.

Vitamini nitazipitia haraka, maana habari yake haina utata mwingi. Vitamini E ilijaribiwa katika utafiti wa HOPE, uliotoa matokeo mwaka 2000, kwa watu 9,541 wenye umri wa miaka 55 na kuendelea waliokuwa na maradhi ya mishipa au kisukari pamoja na hatari nyingine. Haikuzuia mshtuko wa moyo wala kiharusi, na walipoendelea kufuatiliwa, waliomeza vitamini hiyo walionekana kupata zaidi tatizo la moyo kushindwa kufanya kazi. Vitamini D ilijaribiwa Marekani katika utafiti wa VITAL kwa watu 25,871 kwa miaka 5.3 na haikupunguza matukio makubwa ya moyo. Jopo la wataalamu wa kinga nchini humo lilipopitia ushahidi wote mwaka 2022 lilishauri waziwazi vitamini E isitumike kwa lengo la kuzuia maradhi ya moyo au saratani, na kuhusu vidonge vya mchanganyiko wa vitamini likasema ushahidi hautoshi.

Ninapotaka msomaji atulie ni hapa: kwa nini vidonge hivi huonekana vinafanya kazi? Kwa sababu vingi hubadilisha tarakimu. Mtu anapima leo, anatumia kopo, anapima tena, tarakimu imeshuka, anatoa ushuhuda. Sasa tazama kilichotokea Canada. Wagonjwa wa kisukari ambao figo zao zilianza kuharibika walikuwa na kiwango kikubwa cha homosisteini kwenye damu, kemikali inayoambatana na maradhi ya moyo. Vitamini B huishusha. Mantiki ilikuwa safi: ipe damu vitamini B nyingi, homosisteini ishuke, moyo na figo vipone. Watafiti wa jaribio la DIVINe wakawapa watu 238, kwa bahati nasibu, ama dozi kubwa ya asidi ya foliki, B6 na B12, ama kidonge kitupu. Homosisteini ikashuka kama ilivyotabiriwa. Figo za waliopewa vitamini zikaharibika kwa kasi zaidi, na mshtuko wa moyo, kiharusi na vifo vikawa takriban mara mbili ya wenzao. Kama jaribio lingekomea kwenye karatasi ya maabara, lingetangazwa kuwa ushindi na kopo lingekuwa madukani leo. Niasini, ambayo ni vitamini B3, ilipata mkasa unaofanana na huo. Hupandisha lehemu nzuri na kushusha mafuta mabaya, jambo lililowafanya madaktari waiamini kwa miongo kadhaa. Lakini ilipojaribiwa kwa watu 25,673 na matokeo kutolewa mwaka 2014, haikupunguza matukio ya moyo, na wagonjwa wa kisukari waliokuwemo sukari yao ilivurugika zaidi. Mwili hautendi kwa kufuata tarakimu moja. Unaposukuma kipimo kimoja, vingine kumi ambavyo hukuvipima navyo husogea, na njia pekee ya kujua hesabu ya mwisho ni kuhesabu watu: wangapi waliugua moyo, wangapi walikufa, upande huu na upande ule.

Hapo ndipo mtu makini anapopandisha pingamizi lenye uzito kuliko yote. Atasema: dawa za hospitali nazo ni biashara, nazo zimepitishwa kwa kushusha tarakimu, na viwanda vyake ni vikubwa kuliko vya virutubisho. Ni kweli. Dawa ya kisukari iitwayo rosiglitazoni ilishusha sukari vizuri, na mwaka 2007 ikadhihirika kuwa kulikuwa na dalili kwamba inaongeza mshtuko wa moyo. Mwaka uliofuata jaribio la ACCORD la Marekani, lenye watu 10,251, lilisimamisha sehemu yake ya kushusha sukari kwa ukali kwa kuwa waliobanwa zaidi walikuwa wakifa zaidi: 257 kwa 203. Tofauti iko katika kilichofuata. Mwishoni mwa 2008 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa mwongozo kwamba kila dawa mpya ya kisukari cha aina ya pili ionyeshe haiongezi hatari ya moyo, na kampuni zikalazimika kugharimia majaribio ya maelfu ya watu. Katika majaribio hayo ndimo ilimogunduliwa, mwaka 2015, kwamba empagliflozini ilipunguza vifo vya moyo na mishipa kwa asilimia 38 kwa wagonjwa wenye kisukari na maradhi ya moyo, na mwaka uliofuata kwamba liraglutaidi nayo inaulinda moyo. Dawa zilizobainika kuwa mbaya zilibanwa, nzuri zikatambulika. Soko la virutubisho halijawahi kubebeshwa mzigo huo. Ukishuku biashara ya dawa, na una haki ya kushuku, basi shuku mara mbili ile isiyodaiwa uthibitisho wowote.

Linganisha kopo na dawa zilizopimwa kwa kuhesabu watu zikafaulu. Mwaka 1998 utafiti wa UKPDS wa Uingereza ulionyesha kuwa wagonjwa wa kisukari cha aina ya pili waliodhibitiwa presha hadi wastani wa 144 kwa 82, badala ya 154 kwa 87, walipata kiharusi kwa asilimia 44 pungufu. Ni alama kumi tu za presha, kwa dawa ambazo leo zinapatikana karibu kila duka la dawa. Jaribio la CARDS liliwapa wagonjwa 2,838 wa kisukari wasio na maradhi ya moyo ama atorvastatini miligramu 10 ama kidonge kitupu, na lilisimamishwa miaka miwili kabla ya wakati kwa sababu ya habari njema: matukio 83 kwa 127. Rudia macho kwenye 89 kwa 92 za mafuta ya samaki, uone umbali uliopo. Metformini ya kushusha sukari, dawa za kawaida za presha na statini za zamani, haki zake za hataza zimekwisha muda mrefu. Hutengenezwa na viwanda vingi na ni miongoni mwa dawa nafuu. Kopo moja la virutubisho kutoka nje mara nyingi humla mtu fedha nyingi kuliko dozi ya mwezi mzima ya dawa hizo. Kwa mwenye kipato kidogo hiyo si hasara ya fedha tu. Kopo huingia nyumbani mahali pa dawa ya presha, na presha haina maumivu ya kumkumbusha kwamba ameiacha.

Wapo watakaosema kwamba haya ni mawazo ya watu wa hospitali wasiothamini tiba ya asili. Metformini yenyewe asili yake ni mmea, Galega officinalis, uliotumika Ulaya karne nyingi. Kilichoifanya iaminike ni kwamba ilitengenezwa maabara kwa kufuata kiini cha mmea huo, ikapimwa dozi, ikajaribiwa kwa watu, madhara yake yakaandikwa. Uwatu, mdalasini, habasoda na mlonge vimefanyiwa majaribio madogo, mengi ya wiki au miezi michache, na baadhi yameonyesha sukari ikishuka kiasi. Hakuna jaribio kubwa lililohesabu mshtuko wa moyo au kiharusi kwa wanaotumia mimea hiyo. Mdalasini kwenye chai na uwatu kwenye mchuzi ni chakula, na sina ugomvi navyo. Ugomvi unaanza vinapogeuzwa unga wa vijiko vitatu kwa siku kwa mtu anayetumia dawa ya kisukari kama glibenklamidi au insulini, ambaye sukari yake inaweza kushuka ghafla usiku akiwa amelala. Samaki naye vilevile: Chama cha Kisukari cha Marekani kinashauri samaki wenye mafuta waliwe lakini hakishauri vidonge vyake kwa matumizi ya kawaida, na sisi tunao vibua na dagaa sokoni bila kusubiri kontena. Ng'onda na papa wa chumvi ni habari nyingine kwa mwenye presha.

Hoja ya kwamba virutubisho havina madhara hata vikikosa faida nayo haisimami. Mwaka 2008 watu 150 wasio na kisukari walifikishwa hospitali za Singapore sukari ikiwa imeporomoka. Wengi walikuwa wametumia vidonge haramu vya nguvu za kiume vilivyochanganywa na glibenklamidi hiyohiyo kwa kiasi kikubwa. Wanne walikufa. Hiyo ni dawa iliyojificha ndani ya kitu kilichouzwa kama kitu kingine, na mgonjwa wa sukari anapofurahia unga wa asili ulioshusha tarakimu kwa siku mbili, ana sababu ya kujiuliza ni nini hasa kilichomo. Machi 2024 kampuni ya Kobayashi ya Japani iliondoa sokoni kirutubisho cha mchele mwekundu uliochachushwa, kilichouzwa kwa ajili ya kushusha lehemu, baada ya watumiaji kuripotiwa kuharibika figo, na mamia walilazwa. Japani si nchi ya usimamizi legelege. Figo za mgonjwa wa kisukari, ambazo tayari zinashambuliwa na sukari, ndizo zenye akiba ndogo ya kustahimili jaribio la namna hiyo.

Pako mahali ambapo kirutubisho ni tiba halali. Metformini ikitumiwa kwa miaka hupunguza B12 mwilini kwa baadhi ya wagonjwa, na upungufu wake huleta ganzi ya miguu inayofanana kabisa na ile ya kisukari chenyewe. Mtu wa aina hiyo apimwe, na ikionekana imepungua apewe. Aliyepungukiwa damu, aliye mjamzito, aliyethibitika kukosa vitamini D, kila mmoja ana sababu yake. Hapa tunarudisha kilichopungua, baada ya kipimo. Kumwongezea mtu kisichopungua kwa matumaini kwamba moyo utafurahi ni jambo jingine, na ndilo lililojaribiwa likashindwa.

Ushuhuda wa watu nao haupaswi kudharauliwa, ila usomwe vizuri. Anayeanza kopo la bei kubwa mara nyingi siku hiyohiyo huacha soda, hupunguza ugali wa usiku na kuanza kutembea, kwa sababu wakala amemwambia afanye hivyo pamoja na kidonge. Sukari inashuka, sifa zinakwenda kwenye kopo. Tena anayetoa ushuhuda ni aliye hai na mwenye nguvu ya kuzungumza. Aliyepata kiharusi baada ya kuacha dawa haitwi kwenye semina. Mwaka 2011 maelfu walipanga foleni Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa ya mchungaji Ambilikile Masapila kwa shilingi 500, kikitajwa kuponya kisukari miongoni mwa mengine, na shuhuda zilijaa magazetini kwa miezi. Zilikuwa nyingi na za dhati. Hazikuwa kipimo.

Ninachomkubalia wakala ni kimoja. Anakaa na mgonjwa saa nzima, anamwita mama au mzee kwa heshima, anauliza analala vipi, anampigia simu wiki ijayo. Kwenye kliniki nyingi mgonjwa huamka alfajiri, hupanga foleni, hupimwa sukari, hupewa karatasi na kuondoka bila kuambiwa presha yake ikoje wala kwa nini kidonge cha lehemu kimeongezwa. Pengo hilo haliwezi kuzibwa kwa kuwakaripia wanunuzi. Wizara zinazosimamia afya zinaweza kuhakikisha kila kliniki ya kisukari inapima presha na lehemu na inazo statini mwaka mzima, na wauguzi wanapata muda wa kueleza. Mamlaka za dawa na za viwango nazo zisiangalie usajili wa kopo peke yake. Zisikilize kinachosemwa kuhusu kopo hilo kwenye semina, redioni na kwenye makundi ya WhatsApp, maana ndiko madai ya kutibu yanakotolewa baada ya kufutwa kwenye karatasi.

Wewe mwenye kisukari unayesoma haya, safari ijayo ya kliniki beba makopo yote uliyonayo nyumbani, pamoja na unga wa asili, umwonyeshe anayekuhudumia bila kuona haya. Uliza presha yako ni ngapi na inatakiwa iwe ngapi. Uliza kama unastahili statini, na kama hupewi, kwa nini. Uliza figo zako zilipimwa lini mara ya mwisho. Anayekuuzia kopo naye muulize swali moja: watu wangapi wenye kisukari walijaribiwa kwa bidhaa hii, na wangapi walipata mshtuko wa moyo ukilinganisha na wasioitumia? Akikujibu kwa ushuhuda, weka fedha zako mfukoni. Na usiache metformini wala dawa ya presha, hata kwa siku moja, ili kupisha kidonge chake.